Makali ya Kisu na Jina la Chuma: Kwa Nini Maoni Hayapatani

Ni vyombo vichache vinavyohukumiwa na watu wengi kama kisu. Mpishi, muuza nyama, mkulima, mshona viatu na mama anayemenya mihogo kila siku, kila mmoja ana rai yake juu ya kisu chema, na rai hiyo haibadiliki kwa urahisi. Katika masoko ya Kongo kisu kilichofuliwa na mhunzi kutokana na bapa la springi ya gari kuukuu huweza kuuzwa karibu na kisu kinachong'aa kilichotoka ng'ambo. Mnunuzi mmoja atasema kuwa cha mhunzi ndicho chuma kweli, kwa kuwa hunoleka kwa jiwe lolote. Wa pili atajibu kuwa chuma kinachopata kutu kwa usiku mmoja hakifai kuwekwa jikoni. Wa tatu atawacheka wote wawili, kwa sababu yeye amekwisha kuvunja ncha ya kisu cha bei kubwa juu ya mfupa wa mbuzi, na tangu siku hiyo hasadiki sifa za mtu yeyote.

Mabishano ya namna hii hayakomei sokoni. Huendelea Sheffield na Solingen, miji ya Ulaya iliyojulikana kwa visu tangu karne nyingi, na huendelea Sakai nchini Japani. Hata vipimo vya maabara, ambavyo vingetazamiwa kuyamaliza, mara nyingine vimeyachochea. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya ugomvi huu haitokani na kutojua chuma. Inatokana na neno. Wabishi hutumia neno moja, ama "bora", ama "kizuri", ama "kikali", kwa sifa kadhaa ambazo haziwezi kukaa zote kwa wingi ndani ya chuma kimoja. Kila mmoja husema kweli juu ya sifa yake, na humwona mwenziwe mwongo.

Pua, feleji na inoksi

Kiswahili hakikuanza jana kutofautisha vyuma. Kamusi zilizokusanywa pwani katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 zina neno pua, ambalo licha ya kiungo cha uso lilikuwa na maana ya chuma kigumu kinachofaa kutolewa makali. Kutia shoka pua kulikuwa ni kuunganisha ukingo wa chuma kigumu na mwili wa shoka wa chuma laini. Kamusi hizo zina pia neno feleji, chuma cha daraja ya juu, na upanga wa feleji ulikuwa upanga mrefu ulionyoka, wenye makali pande zote mbili.

Msemo huo wa kutia pua wastahili kutazamwa vizuri, maana umebeba elimu nzima ya uhunzi. Aliyeutumia alijua kwamba chuma kinachoshika makali huvunjika upesi, na kwamba chuma kisichovunjika hakishiki makali. Kwa hiyo aliviunganisha viwili, kila kimoja mahali pake. Wahunzi wa Japani hufanya vivyo hivyo hadi leo: ukingo wa kisu huwa wa chuma kigumu kiitwacho hagane, nao hushikizwa motoni juu ya chuma laini kiitwacho jigane. Hakuna haja ya kutafuta nani alimfundisha nani. Chuma chenyewe kinawalazimisha mafundi wa nchi mbalimbali kufikia jibu lilelile.

Siku hizi neno pua limehama. Katika biashara ya vyombo vya nyumbani, Tanzania na Kenya, chuma cha pua ni hasa kile kisichopata kutu, kile ambacho Wakongo hukiita inoksi kwa kufuata Kifaransa. Kwa hiyo kisu cha mhunzi, ambacho kwa maana ya kale kingeweza kuitwa cha pua bila shaka yoyote, sasa huambiwa kuwa si cha pua. Kuhama kwa maana ni jambo la kawaida katika lugha zote, wala halihitaji kuliliwa. Hata hivyo lina gharama yake. Muuzaji anaposema pua huahidi kwamba kisu hakitapata kutu. Mnunuzi anayelikumbuka neno kwa maana ya wazee husikia ahadi ya makali. Wanapatana bei juu ya vitu viwili tofauti.

Kisu hushindwa kwa njia nne

Pengine njia nyepesi ya kuzitenga sifa za chuma ni kuuliza kisu hushindwa vipi, badala ya kuuliza kina ubora gani. Hapo Kiswahili cha kila siku kina vitenzi vya kutosha. Makali hupinda, humeguka, hulika, au huliwa na kutu. Wataalamu wa vyuma huhesabu mambo haya manne katika vitabu vyao, kila moja kwa jina lake la kitaalamu.

Kupinda ni udhaifu wa chuma laini. Ukingo wa kisu ni mwembamba kupita unywele, na ukigonga ubao wa kukatia hulala upande mmoja. Dawa yake ni ugumu, na ugumu hutokana kwanza na kaboni. Chuma cha visu huwa na kaboni tangu karibu asilimia 0.5 hadi kupita kidogo asilimia 1. Vyuma vichache huzidi hapo. Chuma hicho hutiwa moto mpaka kiwe chekundu, kisha huzamishwa ghafla katika mafuta au maji. Kikipoa huwa kigumu sana, kigumu mno hata kikianguka sakafuni huweza kuvunjika kama kigae. Ndiyo maana hurudishwa katika moto mdogo, mara nyingi wa nyuzi 150 hadi 250 za Selsiasi, ili kipoteze kidogo ugumu wake na kupata uvumilivu. Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell, ambapo ncha ya almasi hugandamizwa juu ya chuma. Visu vya jikoni vya Kijerumani huwa karibu na 56; vya Kijapani huanza 60 na vingine hufika 64 au 65.

Kumeguka ni udhaifu wa upande wa pili. Kisu cha 64 kikikutana na mfupa hakipindi, bali hutoka chembe, na pengo lake huonekana kwa macho. Kwa hiyo Mjerumani na Mjapani hawabishani juu ya chuma tu. Wanabishana juu ya chakula na mkono. Mpishi wa Kijapani hukata samaki asiye na mfupa kwa mvuto mmoja mrefu, juu ya ubao laini. Mpishi wa Ulaya hupasua kuku, huponda kitunguu saumu kwa bapa la kisu, kisha hukitupa katika beseni pamoja na vijiko. Panga la mkulima, linalogonga visiki na mawe, huachwa laini zaidi kuliko visu vyote hivyo, na anayelilaumu kwa kulegea hajawahi kufyeka shamba jipya.

Kulika kunahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu hapo ndipo fujo kubwa inapozaliwa. Kisu hulika kwa kusuguliwa na kile kinachokatwa, kama katani, katoni, ngozi yenye vumbi au mizizi yenye mchanga. Kinachozuia kulika si ugumu wa chuma peke yake. Kaboni inayozidi huungana na kromi, molibdeni au vanadi, zikafanyika chembe ndogo sana zinazoitwa kabidi, ambazo hukaa ndani ya chuma kama kokoto ndani ya saruji. Kwa kipimo cha Vickers, chuma cha kisu kilichogumishwa vizuri hufika karibu 700 au 800. Kabidi za kromi hufika karibu 1,500, na kabidi za vanadi karibu 2,800. Chuma chenye kabidi nyingi hukata kwa muda mrefu sana kabla ya kuwa butu.

Lakini kunoa nako ni kusugua. Kisichotaka kulika na katani hakitaki kulika na kinoo. Chembe za jiwe la mchanga, lile linalookotwa mtoni, zina ugumu wa karibu 1,000 au zaidi kidogo. Hukisaga chuma cha springi bila taabu, lakini haziwezi kuzikata kabidi za kromi. Vinoo vya kiwandani vyenye oksidi ya alumini, karibu 2,000, huzishinda zile za kromi na kushindwa na za vanadi. Kwa hizo huhitajika almasi. Hivyo mtu wa kijijini anayekataa kisu cha ghali kwa madai kwamba hakinoleki hasemi upuuzi, wala si mshamba. Anataja uhusiano kamili kati ya chuma na jiwe alilo nalo. Mwenye jiwe la almasi, anayekisifu kisu hichohicho, naye anasema kweli. Kinachokosekana katika mazungumzo yao ni jiwe, ambalo hakuna hata mmoja aliyelitaja.

Kuhusu kutu maneno machache yatatosha. Kromi ikizidi karibu asilimia 12 ndani ya chuma, uso wake hufunikwa na utando mwembamba usioonekana, unaoizuia hewa na maji. Ni lazima kromi hiyo iwe huru, maana ile iliyokwisha kunaswa na kaboni katika kabidi haisaidii kitu. Chuma kiitwacho D2 chenye kromi asilimia 12 na kaboni asilimia 1.5 hupata madoa, na wauzaji wanaokiita inoksi wanakitia sifa isiyo yake.

Katika sarufi kuna jambo dogo lenye manufaa hapa. Kulika na kuliwa vyote vimetoka katika kitenzi kula. Kuliwa ni kauli ya kutendwa, na humtaka mtendaji: kisu kimeliwa na kutu. Kulika ni kauli ya kutendeka, haina haja ya mtendaji: kisu kimelika. Wasemaji wengi huchanganya matukio haya mawili wanaposema tu kwamba "kisu kimekwisha", ingawa la kwanza linatibiwa kwa kitambaa kikavu na la pili kwa kubadili chuma.

Kisu kisichokata

Chuki ya mafundi wengi dhidi ya inoksi ina tarehe. Mwaka 1913, huko Sheffield, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki isiyolika upesi. Chuma alichokiyeyusha mwezi Agosti kilikuwa na kromi karibu asilimia 12.8 na kaboni asilimia 0.24. Aligundua kwamba asidi haikishambulii kama inavyoshambulia vyuma vingine, akafikiria visu vya mezani. Wazo hilo lilikuwa na maana kubwa wakati ule, maana visu vya chuma cha kawaida vilikuwa vikiharibu ladha ya ndimu na samaki, hata matajiri walikuwa na visu vya fedha kwa samaki na matunda.

Mafundi visu wa mji hawakufurahi. Chuma hicho kilikuwa kigumu kufua, na walichokipata mikononi mwao hakikuwa na makali ya kuridhisha. Brearley akapewa jina la kejeli, mtu aliyevumbua kisu kisichokata. Ni Ernest Stuart, meneja wa karakana ya visu mjini humo, aliyefaulu baada ya kujaribu mara kadhaa, naye ndiye aliyekipa jina la chuma kisichopata madoa.

Sababu ya msingi inaeleweka vizuri leo. Chuma cha kaboni tupu hugumishwa kwa moto wa karibu nyuzi 800. Chuma cha kromi huhitaji nyuzi 1,000 na zaidi, la sivyo kabidi zake haziyeyuki na kaboni haipatikani ya kukigumisha. Fundi aliyezoea kusoma joto kwa rangi ya chuma alikitoa motoni mapema, kwa ustadi uleule uliomletea sifa miaka yote. Aidha, kaboni ya asilimia 0.24 ilikuwa haba mno. Tangu wakati huo zimetengenezwa inoksi za visu zisizo na kasoro hiyo. Mojawapo ni AEB-L ya Sweden, iliyobuniwa kwa ajili ya wembe wa kunyolea, yenye kaboni karibu asilimia 0.67, kromi 13 na kabidi ndogo sana. Hata hivyo rai ya kwamba inoksi haikati imeendelea kuishi, nayo hulishwa kila siku na visu vya bei ndogo vinavyogumishwa kwa uchache au visivyogumishwa kabisa. Hivyo basi rai hiyo ni kweli juu ya visu vingi vinavyouzwa, na si kweli juu ya chuma chenyewe.

Mashine na watetezi wa feleji

Sheffield hiyohiyo ina taasisi ya utafiti wa visu, CATRA, yenye mashine iliyokuwa msingi wa kipimo cha kimataifa cha makali. Kisu hufungwa, kisha hukata karatasi ngumu zilizochanganywa na chembe za silika, yaani mchanga. Jumla ya milimita zilizokatwa huandikwa, na tarakimu hiyo ndiyo inayoonyesha kudumu kwa makali. Vyuma vyenye kabidi nyingi hushinda mtihani huu karibu kila mara.

Wapinzani hawasemi kuwa mashine inadanganya. Husema kuwa inajibu swali moja: kulika. Karatasi yenye mchanga haipindi makali, haiyamegui, wala haina maji ya nyanya. Mpishi wa mboga, ambaye kisu chake huharibiwa na ubao na asidi zaidi ya kitu kingine, hana sababu ya kuiabudu tarakimu hiyo. Pia kuna suala la umbo. Makali yaliyonolewa kwa pembe nyembamba hukata zaidi na kudumu zaidi katika mtihani huo kuliko makali manene ya chuma kilekile, hata tofauti ya pembe huweza kufunika tofauti ya chuma. Watu wengi wanaosifu chuma kipya wanasifu, bila kujua, mkono wa aliyekinoa.

Mfano mzuri zaidi wa swali kuandika jibu umetoka katika chuma chenye heshima kubwa kuliko vyote, kile cha mapanga ya Dameski kilichoyeyushwa India katika vyungu vidogo. Afrika ya Mashariki haikuwa mbali na biashara hiyo: al-Idrisi, katika karne ya 12, alitaja chuma cha Sofala kilichosafirishwa hadi India, ambako kilisifiwa sana. Mwaka 1998 John Verhoeven, profesa wa metali huko Marekani, pamoja na mhunzi Alfred Pendray, walieleza kwamba mistari ya mapanga hayo ilitokana na kiasi kidogo sana cha vanadi na madini kama hayo yaliyokuwamo katika chuma bila kukusudiwa. Mwaka 2008, pamoja na Howard Clark, walikipima chuma cha namna hiyo kwa mashine ya CATRA. Kikiwa na ugumu wa 41 kwa Rockwell, kilikishinda chuma cha kawaida cha kisasa. Ugumu ulipopandishwa hadi 61, ubora huo ulipotea.

Kwa hiyo sifa ya chuma cha Dameski haikuwa hadithi tupu, na wala hailazimishi kuamini kwamba wazee walikuwa na siri iliyopotea. Katika kizazi ambacho mapanga yaliachwa laini ili yasivunjike vitani, kabidi zake zilikuwa faida ya kweli. Anayeuliza "kipi bora, cha kale au cha leo?" hana budi kwanza kutaja ugumu.

Upande wa kisasa kabisa, tangu miaka ya 1970 kiwanda cha Crucible cha Marekani kilitengeneza vyuma vya visu kwa njia ya unga, ili kabidi zibaki ndogo hata zikiwa nyingi. Chuma chake cha S30V, kilichotoka mwaka 2001, kina vanadi asilimia 4. Hapo sifa na malalamiko hufuatana kama ilivyokwisha kuelezwa. Msomaji wa Katanga huenda akavutiwa zaidi na VG-10 ya Japani, yenye kobalti karibu asilimia 1.5, maana Kongo ndiyo nchi inayotoa kobalti nyingi kupita zote duniani. Wauzaji huitangaza kobalti hiyo kwa fahari. Wapo wajuzi wanaoona kuwa kwa kiasi kidogo hivyo haileti tofauti ambayo mkono ungeitambua.

Chuma cha springi hakitangazwi na mtu. Kina kaboni karibu asilimia 0.6, na kromi au silisi kidogo. Kilibuniwa kuvumilia mishindo ya barabara, na kabidi zake ni chache. Kikifuliwa na kuzamishwa katika mafuta kwa joto linalofaa, hutoa kisu ambacho hakimeguki na hunoleka kwa jiwe la mtoni, lakini huliwa na kutu. Kikizamishwa kabla ya joto kufika, hutoa kisu kinachopinda. Vyote viwili hupangwa juu ya mkeka mmoja, vikiwa na sura moja na bei moja. Wahunzi wengine humpitishia mnunuzi tupa mbele ya macho yake: ikiteleza bila kuuma, ukingo umegumishwa, ikiuma, mnunuzi ajihadhari.

Mwanafunzi wa chuo cha ufundi nchini Kongo hujifunza mambo haya kwa Kifaransa, kisha huenda kuyaeleza karakanani kwa Kiswahili, ambako mara nyingi hukuta neno chuma peke yake. Si lazima aundiwe istilahi ndefu za ukinzani na ustahimilivu. Vitenzi vinne vilivyotajwa humpeleka mbali, na wahunzi wanavijua tayari. Kuhusu pua, watunga kamusi wanaweza kuzitaja maana zote mbili, ya ukingo mgumu na ya chuma kisichopata kutu, na kuiandika ile ya ukingo kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoeleza kwa nini watu walikuwa wakitia shoka pua.